Masikio ya Elina

Tukuyu,
2 Aprili 1995

Kaka Ackson,

Shikamoo. Nakuandikia mvua ikipiga bati kiasi kwamba hata ninachowaza sikisikii. Huku hatujambo. Baba mguu unamsumbua asubuhi na macho yanazidi kufifia, ila mdomo wake hauna ugonjwa. Juzi nilimpelekea sukari Ikuti nikamkuta anagombana na mnunuzi wa kahawa. Siku hizi si ushirika peke yake, wanakuja watu na mizani zao kutoka tusikokujua, na baba anasema kila mizani ya mtu binafsi ina jini ndani. Ndizi zimezaa vizuri. Msalimie wifi Modesta, na Meshaki umwambie shangazi yake anauliza kama meno ya mbele yameota.

Sasa nina jambo linaloninyima raha, nalo linamhusu Elina.

Uliponiletea mtoto huyu Januari ulisema ni binti wa rafiki yako, dereva mwenzako aliyefariki, amekulia Tunduma, nikae naye na nimtafutie shule. Nimefanya hivyo. Shule yetu ya wazazi haichagui sana, akaingia kidato cha kwanza. Darasani ni wa mwisho au wa pili kutoka mwisho. Kiswahili chake kinachechemea. Akisoma anafuata kila neno kwa kidole kama mtoto wa darasa la pili, na walimu wenzangu wameshamwita mzito mbele yake.

Mwezi uliopita watu wa mradi wa Kiingereza walileta jaribio kwa shule kadhaa za wilaya. Lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kusikiliza: kaseti inapigwa, Mwingereza anasimulia, na maswali nayo anayasoma yeye huyo huyo, mwanafunzi anazungushia herufi tu. Ya pili ni kusoma habari na kuandika majibu. Watoto wetu kwenye kusoma walijikongoja. Kwenye kusikiliza walikufa wote. Hawajawahi kumsikia mtu akisema Kiingereza isipokuwa mimi, na Kiingereza changu kina milima ya Rungwe ndani.

Elina kwenye kusoma alipata nne kati ya ishirini. Kwenye kusikiliza alipata kumi na tisa. Hakuna aliyemkaribia, hata kidato cha nne. Kaka, mimi mwenyewe kuna swali pale nililitilia shaka, yeye amelipata.

Niliposahihisha nilidhani nimekosea karatasi. Sasa nisaidie. Huyu mtoto Kiingereza kakisikia wapi?

Mdogo wako,
Leah


Tukuyu,
30 Aprili 1995

Kaka Ackson,

Shikamoo tena. Nimengoja jibu lako mpaka nimechoka kwenda posta. Yule karani sasa akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Nadhani uko safarini. Baba hajambo, anakusalimu, anauliza kama malori ya hao matajiri wapya yana breki.

Mambo yamekuwa mabaya. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Prosper, ni mtu wa Moshi, mchapakazi, lakini ukimpa habari njema anauliza kwanza nani kaileta. Aliyaona matokeo akaniita ofisini.

"Mwalimu Leah, kaseti ililala wapi kabla ya jaribio?"

Nikamjibu ukweli, kwamba ililala kwangu, kwa sababu kitasa cha ofisi kilikuwa kimevunjika na yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba.

"Na Elina analala wapi?"

Analala kwangu, kaka, naye anajua. Ungejibu nini?

Nilimwambia kwamba karatasi ya kusoma nayo ililala kwangu, katika bahasha hiyo hiyo. Kama mtoto aliiba, mbona alifeli kusoma? Akatabasamu, akasema, "Huo ndio ujanja wenyewe. Ili tupotee." Kwa hiyo Elina ameambiwa asikanyage darasani mpaka watu wa mradi warudi kumpima upya, na mimi nimeondolewa kwenye mitihani yote. Walimu wananisalimia wakiwa wameshapita.

Nikuambie na jingine. Usiku ule nilimbana Elina mwenyewe kama aligusa kaseti. Alisema hapana. Nikafungua redio, idhaa ya Kiingereza, nikamwuliza wanasema nini. "Sijui, mwalimu," akajibu. Lakini kijiko chake kilikuwa kimesimama hewani tangu mtangazaji aanze. Anasikia, kaka, na anaficha kwamba anasikia. Nikamwuliza, "Kama hujui, siku ya jaribio ulijibuje?" Akalia. Akasema, "Nilitaka siku moja nisiwe wa mwisho."

Halafu kuna hili. Sokoni bibi mmoja wa Matwebe anayeuza ndizi alimnong'oneza mwenzake kwa Kinyakyusa kwamba mwalimu huyu ni mwembamba kama mche wa chai uliokosa mbolea. Elina alicheka kabla mimi sijakasirika. Wewe uliniambia hajui Kinyakyusa hata neno.

Mtoto wa dereva wa Tunduma, anasikia Kiingereza, anasikia Kinyakyusa, na amekatazwa kuonyesha vyote viwili. Wewe unavuka mpaka kila mwezi kwenda Zambia. Sitaki kuuliza, lakini nauliza: Kaka, huyu ni mtoto wako? Kama ndivyo, mimi ni shangazi yake na nina haki ya kujua ninamtetea nani.

Leah


Dar es Salaam,
21 Mei 1995

Mdogo wangu Leah,

Natumaini uko salama na mzee yuko salama. Mimi nimerudi nikiwa mzima, namshukuru Mungu. Tulikwama ng'ambo na mzigo wa shaba kwa sababu ya karatasi za forodha, ndiyo maana ya ukimya. Meshaki meno yameota, moja limetangulia kama trela lililokatika.

Barua yako ya kwanza niliikuta, ya pili niliikuta imefunguliwa. Wifi yako ameisoma. Alikuwa ameiweka juu ya sahani yangu ya chakula, na chakula hakikuwepo. Aliniuliza neno moja tu, "Wako?" Nikasema si wangu. Akauliza, "Wa nani basi?" Nikamwambia hilo siwezi kulisema. Amechukua mtoto amekwenda kwa kaka yake Temeke.

Sikulaumu. Ungejuaje. Lakini kuanzia sasa niandikie kwa anwani ya gereji.

Kuhusu Elina: si mtoto wangu. Naapa kwa jina la mama yetu aliyelala Ikuti. Zaidi ya hapo siwezi kusema, maana neno lenyewe si langu, nimepewa nilitunze. Tunduma kuna Wazambia wengi, kuna redio, mtoto husikia. Mwambie mkuu wako hivyo.

Na nakuomba sana, usimpeleke Ikuti. Kwa sababu yoyote ile. Hata baba akiumwa, nenda peke yako.

Kaka yako,
Ackson


Tukuyu,
6 Juni 1995

Kaka,

Pole kwa ya wifi. Nimelia, halafu nimekasirika, na bado sijajua kipi kinatangulia.

Baridi imeanza, ukungu haunyanyuki mpaka saa nne. Baba amekohoa ila amepona. Nilikwenda peke yangu kama ulivyoagiza, na njia nzima nilijiuliza baba yetu amemkosea nini mtoto asiyemjua.

Mkuu nilimwambia habari ya Tunduma na redio. Alisikiliza akaniambia, "Mwalimu, mimi nilifundisha Tunduma miaka mingi. Taja mtaa aliokaa." Nikamwita Elina. Elina akataja mtaa. Mkuu akasema hakuna mtaa huo, akanitazama mimi, siyo yeye. Sasa mimi ni mwizi na mwongo pia.

Umeapa kwa mama, kwa hiyo nakuamini si wako. Lakini unajua kwamba neno moja lako lingenitoa hapa nilipo, nawe unalikalia. Nimeanza kumwangalia mtoto huyu kwa jicho ambalo silipendi. Nikimkuta karibu na kabati langu namwuliza anatafuta nini. Jana alikuwa anatafuta sindano, ashone kola ya gauni langu la shule.

Watu wa mradi wanakuja mwanzoni mwa Julai. Wakimkuta na hatia anafukuzwa, nami namfuata.

Leah


Dar es Salaam,
19 Juni 1995

Leah,

Nimesoma. Nimeisoma tena nikiwa barabarani, nimeegesha Mikumi.

Nisamehe, siwezi. Mwambie Elina ajibu anavyojua. Mwambie mjomba amesema asiogope tena masikio yake.

Ackson


Tukuyu,
9 Julai 1995

Kaka Ackson,

Safari hii sianzi na mvua wala na baba. Wewe uliandika "mjomba", na mimi mwalimu wa lugha nikalipita neno lile kama mtu anayepita jiwe njiani. Nilidhani ni mjomba wa heshima tu, kama watoto wanavyomwita kila dereva.

Alikuja mama mmoja wa mradi kutoka Mbeya, anaitwa Veronika, mtu mzima, mpole, mwenye miwani ya kamba. Hakuleta kaseti. Alisema kaseti ikishashukiwa haifai tena. Tulikaa chumba cha walimu: yeye, mkuu, Elina na mimi. Mimi niliwekwa dirishani nisije nikampa mtoto ishara kwa macho.

Mama Veronika alitoa habari aliyoiandika mwenyewe njiani, inahusu daraja lililobomoka, akaisoma kwa Kiingereza mara moja, haraka, bila huruma. Kisha akauliza maswali kwa mdomo. Elina alinitazama. Nikamwambia, "Mjomba wako amesema usiogope tena masikio yako." Akafumba macho, akajibu. Kaka, alijibu kama maji ya mto Kiwira! Mama Veronika akaacha maswali ya karatasi akaanza kumwuliza anavyotaka, wakawa wanazungumza, na mara moja mtoto akamchekesha.

Halafu akampa karatasi asome. Kikarudi kidole, kikarudi kigugumizi, jasho likamtoka. Mama Veronika aliichukua ile karatasi polepole akamwambia mkuu, "Huyu hajaiba. Huyu alisikia kabla hajafundishwa kusoma, halafu akaachishwa njiani." Mkuu akasema hajaridhika, ila hana ushahidi. Kwake huko ni kuomba radhi.

Nilidhani yamekwisha. Ndipo mama Veronika akamwuliza, kwa Kiingereza bado, nani alikuwa akiongea naye nyumbani. Nakutafsiria alivyojibu:

"Mama yangu alikuwa akipiga pasi kwa familia moja ya Wahindi huko Kitwe. Mimi nilikaa chini ya meza ya pasi. Yule mama wa Kihindi alikuwa akiwafundisha watoto wake kwa Kiingereza, nami nikasikiliza kila siku. Shule niliingia, nikatoka darasa la nne, kwa sababu mama aliumwa na hapakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani."

"Na nyumbani kwenu mlisema nini?"

"Lugha ya mama. Kinyakyusa."

"Mama anaitwa nani?"

"Tulinagwe."

Mkuu wetu wa Moshi hakushtuka, kwake ni jina kama majina mengine. Mimi nilishika ukingo wa dirisha. Nilikuwa na miaka saba dada Tuli alipoondoka. Ninalokumbuka ni mgongo wake tu na baba akisema jina lile lisitajwe tena chini ya paa lake, na tangu hapo sisi wote tukatii, hata mama mpaka anakufa.

Tulipofika nyumbani nilimwuliza Elina kama alijua mimi ni nani. Akasema, "Ndiyo, mama mdogo. Mjomba alinikataza." Miezi yote hii amekula mezani kwangu akinijua, na mimi nampekua mifuko.

Nilikuwa nimejiandaa kuitwa shangazi, nimuonee aibu wifi. Nimeitwa mama mdogo.

Wifi nimemwandikia barua yake mwenyewe. Sasa wewe niambie. Kwa nini hata mimi?

Leah


Dar es Salaam,
25 Julai 1995

Mdogo wangu,

Ndaga, asante. Nimelala usingizi usiku wa jana kama dereva aliyeshusha mzigo Kapiri, Zambia.

Nilimkuta dada Tuli mwaka juzi. Nilikuwa Kitwe natafuta fundi wa springi, nikasikia mwanamke anamwita mtoto kwa Kinyakyusa nje ya kibanda. Nikasimama. Mwanaume aliyetoroka naye kutoka nyumbani alishamwacha siku nyingi. Alikuwa amekwisha, Leah, ungedhani ni mama yetu. Kila safari nilipita na unga na dawa. Alipojua haponi aliniambia, "Mchukue Elina. Lakini baba asimjue mpaka awe na cheti mkononi. Nilimtia hasara ya ng'ombe wa mahari, sitaki mwanangu aingie pale kama hasara nyingine." Kabla hajafa akaniapisha nisimwambie mtu yeyote wa nyumbani, akakutaja na wewe, maana alisema mtoto wa mwisho hana siri. Alikukumbuka ukiwa na miaka saba.

Ndiyo maana nilimfundisha mtoto kusema Tunduma, na kuficha alichosikia. Nilidhani namlinda. Kumbe nilimvika nguo ya mwizi.

Wifi yako amerudi. Hajaomba radhi na mimi sijadai. Amenunua soksi za shule, nazituma kwa utingo wa basi.

Sasa umeshajua bila mimi kusema, kwa hiyo la Ikuti naliacha kwako. Ila uwe na hadhari. Unamjua mzee.

Ackson


Tukuyu,
14 Agosti 1995

Kaka Ackson,

Hatujambo. Soksi zimefika, ni kubwa, atazikulia. Elina amerudi darasani. Jioni namsomea kwa sauti yeye akifuata kwa macho, kwa maana mama Veronika alisema tupitie mlango ulio wazi, yaani masikio. Wenzake wamegundua faida yake: wao wanamsaidia kusoma, yeye anawasemesha Kiingereza wakichota maji. Mkuu anapita akisikiliza kama anayetafuta kosa, lakini anapita mara nyingi kuliko lazima.

Jumamosi nilimpeleka Ikuti. Nilingoja nikaona kungoja hakuna mwisho. Baba ana umri gani hata tungoje cheti cha kidato cha nne?

Alikuwa amekaa jikoni anapukuchua maharage kwa kuyapapasa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kituo cha gari, yote yakaniishia mlangoni. Elina alipita mbele yangu, akapiga magoti, akamwamkia kwa Kinyakyusa kile cha zamani ambacho mimi na wewe tumeshakichanganya. Mikono ya baba ikasimama.

"Huyu ni nani?"

"Mimi ni mtoto wa Tulinagwe, babu. Mama amefariki."

Nilingoja fimbo. Nilingoja atufukuze. Baba akarudi kwenye maharage yake, akapukuchua ganda moja, na jingine, na jingine.

"Tulinagwe alikataa mume," akasema. "Nikarudisha ng'ombe za watu, mbele ya watu."

"Ndiyo, babu. Aliniambia."

"Alikuambia nini kingine?"

"Kwamba ukikasirika unanyamaza. Na ukinyamaza, mtu asiondoke."

Baba hakujibu. Basi hatukuondoka. Elina akasogea akaanza kupukuchua naye, kutoka kapu lile lile, mpaka maharage yakaisha. Jioni nikamwambia Elina tuwahi gari la mwisho la Tukuyu. Baba akasema, bila kugeuza uso, "Wewe mwalimu nenda. Mtoto atakula hapa."

Alinisindikiza mpaka kwenye migomba, yeye ambaye hasindikizi mtu. Pale akanishika mkono wa koti akaniuliza swali, na sijalala vizuri tangu siku hiyo. Unajua msiba kwetu ulivyo. Aliuliza, "Alizikwa wapi? Nani alimlilia?"

Hilo ni lako, kaka.

Leah


Dar es Salaam,
27 Agosti 1995

Mdogo wangu Leah,

Barua yako wifi yako ndiye aliyeifungua, safari hii kwa ruhusa yangu, akanisomea kwa sauti. Meshaki aliuliza mbona baba analia, akaambiwa ni vumbi la barabara.

Tajiri amenipa ruhusa mwisho wa Septemba. Nitakuja na Modesta na mtoto, tutashuka Kiwira tupumzike kwanza kwa binamu, kisha tupande Ikuti sote pamoja na ninyi. Mwambie baba asiulize watu wengine. Nitamjibu mwenyewe, nimekaa chini, nikiwa nimemshika mkono.

Lakini wewe nikuambie sasa, ulale. Amezikwa Kitwe, kwenye makaburi yaliyo juu ya reli, na kaburi nimelijengea. Hakuzikwa peke yake. Wanawake wa mtaa ule walitoka wote, Wabemba, Walozi, Watumbuka, hata yule mama wa Kihindi alikuja na maua. Kila mmoja alimlilia kwa lugha yake. Kwa Kinyakyusa tulimlilia wawili tu, mimi na Elina, na Elina ndiye aliyejua maneno.

Kaka yako,
Ackson